Dhahabu na Madhehebu

Katika Osiri, upande wa Nyatike wa Kaunti ya Migori, watu huchimba ardhi kutafuta dhahabu. Mmoja huteremka shimoni na nyundo yake, wa pili hupokea mawe juu, wa tatu huyaponda, na wa nne, ambaye aghalabu ni mwanamke, huosha unga wa mawe hayo katika karai mpaka kilicho chepesi kichukuliwe na maji na kilicho kizito kibaki chini. Nchi hiyo ni ya Waluo, nayo huendelea upande wa kaskazini hadi Homa Bay na Ghuba ya Winam. Ukikaa huko kwa juma moja, msomaji, utasikia neno jingine likitajwa karibu sawa na dhahabu. Siku ya Jumamosi Waadventista wa Sabato hupumzika na kusali. Wao wamekuwapo katika nchi hiyo tangu mwaka 1906, walipojenga misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay. Siku ya Jumapili ni zamu ya wengine, Wakatoliki na Waanglikana, na pamoja nao wafuasi wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki mwaka 1963 na kuufanya mlima wa Got Kwer, papo hapo Migori, kuwa mahali pake patakatifu. Watu wa shimo moja wanaweza kuwa wa makanisa manne. Tofauti zao hizo huitwa madhehebu.

Dhahabu na madhehebu. Yatamke maneno haya mawili polepole, usijali irabu, sikiliza konsonanti tu. Katika la kwanza utasikia dh, h, b. Katika la pili, ukiondoa silabi ya mwanzo, utasikia dh, h, b. Je, maneno haya ni ndugu? Na kama ni ndugu, imani ya mtu na kipande cha madini vina uhusiano gani? Nataka tulichunguze swali hili pamoja, maana jibu lake si lile ambalo mwanafunzi mwepesi angelitoa, na njia ya kulifikia hupita katika nchi nyingi kabla ya kurudi Osiri.

Kwanza tuone jinsi Kiarabu kinavyojenga maneno yake, maana maneno haya yote mawili tuliyapata kwa Waarabu. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, na neno la Kibantu lina kiini kisichobadilika, tunachokiongezea viambishi mbele na nyuma. Kiini chimb- hutupa chimba, mchimbaji, machimbo, chimbika, chimbua na chimbuko. Sauti zake za katikati hazisogei. Kiarabu hakiendi hivyo. Ni lugha ya jamii ya Kisemiti, ndugu ya Kiebrania, Kiaramu na Kiamhari cha Ethiopia, na katika lugha hizo mzizi wa kitenzi ni konsonanti peke yake, mara nyingi tatu. Konsonanti ni mawe ya ukuta. Irabu ni udongo unaotiwa kati yake, nao hubadilishwa kila fundi anapotaka chumba cha namna nyingine. Chukua k, t, b, mzizi wa kuandika. Kataba ni aliandika, katib ni mwandishi, kitab ni kilichoandikwa. Kwetu mzizi huu ulileta kitabu, katibu, maktaba, mkataba na katiba, na hakuna siku ya shule inayopita bila wewe kutumia neno moja la ukoo huo.

Angalia vizuri neno maktaba. Mwarabu akitaka kutaja mahali pa kutendea jambo, mara nyingi huweka ma- mbele ya mzizi. Mahali pa kusomea ni madrasa, kutoka d-r-s. Mahali pa kutolea hukumu ni mahakama, kutoka h-k-m. Mahali jua linapochomoza ni mashariki, na linapotua ni magharibi. Tunaposema kwamba Migori iko mashariki ya Ziwa Viktoria, tunasema, bila kujua, kwamba iko mahali pa kuchomozea. Silabi hii ma- ishike moyoni. Itatusaidia mara moja na kutudanganya mara mbili.

Sasa tuuchukue mzizi wetu, dh-h-b. Kitenzi chake ni dhahaba, yaani alikwenda. Ni katika vitenzi vya kwanza anavyofundishwa mtu yeyote aanzaye kujifunza Kiarabu. Ukiweka ma- ya mahali unapata madhhab, yaani mahali pa kwendea, njia, mwendo. Kutoka katika njia ya miguu neno hili lilihamia katika njia ya fikira: namna mwanachuoni anavyokwenda katika kuifahamu sheria, na wanaomfuata nyuma. Imamu Shafii, aliyefariki Misri mwaka 820, alikuwa na njia yake, na njia hiyo ndiyo iliyoshika pwani yetu. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wa huko wakiifuata madhehebu ya Shafii, na waliokuja baada yao wameifuata hadi leo.

Neno lilipotoka pwani kwenda bara lilibadili mavazi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na pamoja nayo wakaja makarani, wafanyabiashara, askari na walimu wa dini, ambao wengi wao walizungumza Kiswahili. Kwa Mwislamu wa Mombasa madhehebu zilikuwa njia za sheria ndani ya dini moja. Kwa Mkristo wa bara, aliyeona misheni moja ikijengwa mlima huu na nyingine mlima wa pili, zote zikisoma Biblia na kila moja ikimkanya asiende kwa jirani, neno hilohilo lilifaa kabisa. Nalo likakaa.

Ndipo likapata ajali nzuri. Msemaji wa Kibantu akisikia ma- mwanzoni mwa neno husikia wingi: mawe, mashamba, makarai. Aliposikia madhehebu, sikio lake lilimwambia kwamba hayo ni mengi, na moja lao lazima liwe dhehebu. Hivyo dhehebu likazaliwa, neno ambalo Mwarabu hakuwa nalo, kwa kukatwa kichwa cha neno la Kiarabu kana kwamba ni kofia. Ajali ya namna hiyo iliwahi kulipata neno kitabu, ambalo ki- yake ni sehemu ya mzizi, lakini sisi tukasema vitabu bila haya. Na kiberiti, ambacho kwa Kiarabu ni kibrit, nacho kikapata viberiti. Wako watu wanaolichukia neno dhehebu na kuliita kosa. Mimi siwaungi mkono. Neno lililoingia katika nyumba ya watu lina haki ya kuvaa kama wenyeji, na vitabu hatuvioni aibu. Ninachokuomba ni kwamba ujue kofia ile haikuwa kofia.

Hiyo ndiyo habari ya madhehebu. Turudi sasa kwa dhahabu, ambayo ina habari ndefu zaidi.

Waarabu huiita dhahab, na neno hilo lilisikika katika bahari yetu zamani sana. Al-Masudi, msafiri na mwandishi wa habari za kale, alifika pwani ya Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa karne ya 10, akakitembelea kisiwa alichokiita Qanbalu, kisha akaandika kitabu kikubwa kiitwacho Muruj adh-Dhahab, yaani Malisho ya Dhahabu. Dhahabu ya jina hilo ni pambo la mwandishi, lakini ndani yake mna habari za dhahabu ya kweli, ile ya Sofala, kusini ya mbali katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Dhahabu hiyo ilichimbwa bara, katika nyanda za Zimbabwe, ikachukuliwa hadi Sofala, na baadaye ikawa utajiri wa Kilwa. Masultani wa Kilwa walitoza ushuru juu yake, wakajenga msikiti mkuu kwa mawe na, mapema katika karne ya 14, jumba la Husuni Kubwa juu ya mwamba wa bahari. Mwaka 1505 Wareno waliipora Kilwa, nao walikuja wakiifuata dhahabu hiyohiyo. Hivyo neno dhahabu lilikuwa neno la biashara katika Kiswahili karne nyingi kabla mtu hajaponda jiwe Osiri kwa ajili ya kuuza, na lilipofika kwa Waluo halikugeuzwa sana. Katika Dholuo dhahabu huitwa dhahabu. Jina la lugha yenyewe lina dh ndani yake, ijapokuwa dh yao huubana ulimi kwenye meno zaidi kuliko ya pwani.

Je, dhahabu ni kitu kiendacho? Konsonanti ni zilezile: dh, h, b. Waarabu wenyewe waliliona jambo hili zamani na wakalifanyia mchezo. Walisema dhahabu iliitwa hivyo kwa kuwa huenda zake, haikai mkononi mwa mtu. Wakaongeza kwamba fedha, ambayo kwao ni fidda, inatokana na mzizi wa kutawanya, kwa kuwa hutawanyika. Maneno matamu! Mtu yeyote aliyewahi kupokea mshahara hawezi kuyakataa. Na mtu wa Osiri ana sababu zaidi ya kuyaamini, kwa kuwa huiona dhahabu ikitoka shimoni asubuhi na kuondoka jioni mfukoni mwa mnunuzi, na shimo likabaki.

Lakini utamu wa maneno si ushahidi. Hapa nakuomba, msomaji, umkumbuke yule mwanamke wa karai.

Katika miamba ya Migori, kama katika miamba mingi yenye dhahabu, mna madini mengine ya rangi ya manjano yanayong'aa, yaliyotengenezwa kwa chuma na kiberiti, yaitwayo pairiti. Mgeni akiyaona hupiga kelele kwa furaha. Mwenyeji hapigi kelele. Huchukua nyundo. Pairiti ikipigwa huvunjika vipande vipande. Dhahabu ikipigwa hutandaa, maana ni laini. Ukiisugua pairiti juu ya kigae cheupe kisichong'arishwa huacha alama nyeusi yenye ukijani; dhahabu huacha alama ya manjano. Tena dhahabu ni nzito mno: kwa kipimo cha ujazo ni karibu mara 19 ya uzito wa maji, na pairiti ni kama mara 5 tu, hivyo karai nalo hutoa hukumu yake. Rangi haitoshi. Anayenunua kwa rangi hulala njaa.

Maneno nayo yana nyundo yake na karai lake. Nyundo ya kwanza ni lugha ndugu. Ikiwa dhahabu ilipata jina lake kutokana na kitenzi cha kwenda, tungetazamia kuona kitenzi hicho mahali jina lilipo. Katika Kiebrania dhahabu ni zahav. Usishangazwe na z hiyo. Ni desturi kwamba penye dh ya Kiarabu Kiebrania kina z, na Kiaramu kina d. Dhikiri yetu, yaani kukumbuka na kutaja jina la Mungu, kwa Kiarabu ni dh-k-r, kwa Kiebrania z-k-r, kwa Kiaramu d-k-r. Dhiraa, kile kipimo cha mkono, kwa Kiebrania ni zeroa. Kwa hiyo zahav ni dhahab yenyewe, na kwa Kiaramu ni dahba. Jina la dhahabu limo katika lugha hizi tatu, nalo ni la kale kuliko zote tatu jinsi zilivyo leo. Lakini Mwebrania akitaka kusema alikwenda husema halakh, neno lisilo na uhusiano wowote na zahav. Dhahabu ipo kwake, kwenda hakupo. Nyundo imepiga, na jiwe limevunjika vipande viwili.

Nyundo ya pili ilishikwa na mtu wa Kiarabu chenyewe. Ibn Faris, mwanachuoni aliyeishi katika nchi ya Uajemi na kufariki karibu na mwaka 1004, alitunga kamusi iitwayo Maqayis al-Lugha, na kazi aliyojipa humo ilikuwa kupima kila mzizi ili kujua una asili ngapi. Alipofika kwenye dh-h-b hakukubali kuchezewa na konsonanti. Alitenga asili mbili. Moja, alisema, ni ya uzuri na mng'ao, na humo ndimo ilimo dhahabu. Nyingine ni ya kitu kupita na kwenda zake. Miaka elfu imepita, na wataalamu wa lugha za Kisemiti wanaolinganisha Kiarabu na ndugu zake hawajapata sababu ya kuunganisha alichokitenga.

Basi jibu ni hili: dhahabu na madhehebu zinafanana kama pairiti na dhahabu zinavyofanana. Herufi ni zilezile, damu ni mbalimbali.

Usidhani, lakini, kwamba kila mfanano ni wa uongo. Uko mzizi mwingine katika nchi hiyohiyo ambao umetushika mkono miaka mingi nasi hatukuutambua. Si mbali na Osiri uko mji wa Macalder. Hapo palikuwa na mgodi mkubwa uliotoa shaba, pamoja na dhahabu na fedha, hadi ulipofungwa katika miaka ya 1960. Shaba ni neno gani? Kwa Kiarabu ni shabah, na Waarabu walilitumia kwa shaba ya manjano, ile iliyochanganywa na madini mengine. Mzizi wake ni sh-b-h, mzizi wa kufanana. Iliitwa hivyo kwa kuwa inafanana na dhahabu. Jina lake lote ni onyo: kifananacho! Kutoka katika mzizi huu tunapata kushabihi, yaani kufanana na kitu; na mshabaha, yaani mfanano; na tashbihi, ile tamathali unayofundishwa katika somo la fasihi, mtu anapofananishwa na simba au mwezi. Shabaha, ambayo mwindaji huilenga kwa mshale, ni ya ukoo huo pia. Hapa nyundo ikipiga, kitu kinatandaa. Kila neno lina maana inayoshikana na jirani yake, na uzi wa kufanana unapita katika yote. Mwalimu afundishaye tashbihi na mtu aliyechimba shaba Macalder walikuwa wakitumia neno moja, nao hawakupeana mkono.

Limebaki neno madini, nalo ndilo lililo gumu kuliko yote. Nilikuambia kwamba ma- itatudanganya mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa dhehebu. Mara ya pili ni hapa. Ukilikata neno madini kama ulivyokata madhehebu, utapata dini, na utajiuliza wachimbaji na wachungaji wana siri gani. Hawana. Wala usiliunganishe na utamaduni, ingawa m, d na n zimo ndani ya yote mawili. Kiarabu cha madini ni ma'din, na katikati yake, baada ya ma-, mna konsonanti iitwayo ayn, sauti itokayo ndani ya koo. Kiswahili hakina sauti hiyo, hivyo kiliimeza, na kwa kuimeza kikatuficha mzizi. Mzizi wa kweli ni ayn, d, n. Wa utamaduni ni m, d, n. Wa dini ni d, y, n. Mizizi mitatu, na sikio la Mswahili husikia karibu mmoja.

Kitenzi cha mzizi huo wa ayn, d, n ni adana, na maana yake ni kukaa mahali, kutulia, kutohama. Katika Kurani bustani za Adn ni bustani za makao ya kudumu. Ma'din basi ni mahali kitu kinapokaa bila kuondoka: ardhi ambamo dhahabu, shaba au chuma kimetulia tangu Mungu alipoumba dunia. Kwanza neno lilitaja mahali, baadaye likataja kitu chenyewe kilichomo.

Maana hii ya kukaa haikuwaletea watu wa Nyanza raha. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya kuzilinda ardhi za Waafrika. Ilisema kwamba ardhi zilizotengwa kwa makabila zitakuwa zao milele, na kwamba sehemu ikichukuliwa kwa haja ya umma, nyingine ya thamani sawa itatolewa mahali pake. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega. Wazungu wakamiminika, na wengine wakafanya kazi pia katika wilaya iliyoitwa wakati huo Kavirondo Kusini, ambayo ndiyo Migori na Homa Bay za leo pamoja na Kisii. Desemba 1932 sheria ikabadilishwa: kwa ajili ya madini, ardhi ingeweza kuchukuliwa bila kutoa ardhi nyingine badala yake. Fidia ingekuwa ya fedha, ile itawanyikayo. Milele ile ilikuwa imedumu kwa miaka miwili. Kilio kilifika hadi Bunge la London, lakini badiliko lilipita.

Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu serikali ilikwisha tenga vitu viwili ambavyo mkulima alivihesabu kuwa kimoja: udongo anaoulima na kilichokaa chini yake. Tofauti hiyo ipo hata leo, ingawa mwenye mamlaka ni mwingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 huyahesabu madini yote kuwa mali ya umma, na Sheria ya Madini ya mwaka 2016 huyaweka mikononi mwa serikali ya taifa kwa amana ya wananchi. Lakini sheria hiyo imemtambua mchimbaji mdogo, ambaye kwanza alihesabiwa karibu sawa na mwizi, ikamwekea kibali chake. Tena imeamuru kwamba mrabaha unaolipwa na wenye migodi ugawanywe: sehemu 70 katika 100 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapotoka. Mtu wa Osiri anaweza kuyasoma hayo katika sheria. Kama kumi hizo zinamfikia ni jambo la kumwuliza yeye mwenyewe, si mimi.

Tena yako mambo ambayo hayaondoki. Ili kuikamata dhahabu iliyo vumbi, wachimbaji wadogo hutumia zebaki, majimaji ya fedha ing'aayo ambayo huishika dhahabu na kuiacha pairiti. Neno hili Waarabu wenyewe walilipokea kutoka Uajemi; halina mzizi wa konsonanti tatu na usiutafute. Zebaki ikiisha kushika dhahabu huchomwa kwa moto, ikapaa kama moshi, dhahabu ikabaki. Moshi huo ni sumu ya ubongo, na huwadhuru zaidi watoto na walio tumboni mwa mama zao. Mwaka 2013 mataifa yaliafikiana juu ya Mkataba wa Minamata ili kuipunguza zebaki duniani, lakini ile iliyokwisha mwagika haiwezi kuitwa irudi. Hutua juu ya majani na mapaa, huingia mtoni, na mto huingia ziwani, wala haiozi. Ikiwa iko mali ya Osiri inayostahili mzizi wa kukaa, ni hiyo.

Nimekuonyesha nyundo, msomaji, nami sina haja ya kukupigia kila jiwe. Chukua maneno manne yanayoanza kwa ma-: mahali, makini, maskani, makazi. Mawili kati yake ma- yake ni ile ya mahali ya Kiarabu. Moja ni la Kiarabu pia, lakini m yake imo ndani ya mzizi wenyewe na haikatiki. La nne halikutoka Arabuni kabisa. Lilikuwa Kiswahili tangu mwanzo, na mzizi wake unautamka kila mgeni anapobisha hodi nawe ukamwonyesha kiti. Yapange, kisha mpe mwenzako ayapige nyundo kabla hujamwambia jibu lako.